Bomba linaishia Chongoleani, mbona petroli haitashuka?

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwenye kijiwe cha bodaboda Ngamiani, hapa Tanga mjini, simu huanza kupita mkono kwa mkono hata chai haijaiva. Mmoja kashalipata tangazo la EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, kwenye WhatsApp, lile lenye jedwali refu la miji, na kila mtu anakodoa macho kuutafuta mstari wa Tanga. Bei ikishuka shilingi thelathini watu wanacheka. Ikipanda, linaibuka swali lile lile. Safari hii alilitoa kijana mmoja huku akipangusa tangi la pikipiki yake: "Bomba la mafuta linatoka Uganda linakuja kuishia hapa hapa kwetu Chongoleani. Sasa sisi tutanunua wese bei hii mpaka lini?"

Majibu yakamiminika. Mmoja akasema mafuta yakifika tu, lita itakuwa elfu moja. Mwingine akasema wakubwa wameshayauza yakiwa bado ardhini. Wa tatu akaapa kwamba kuna wazungu wanazuia. Swali la kijana ni zuri, na nimeshalisikia hata kutoka kwa watu wenye magari ya milioni mia. Tatizo ni kwamba ndani yake kuna mambo matatu yaliyofungwa kwenye kitenge kimoja: mafuta ghafi, petroli, na bei. Tuyafungue moja moja.

Tuanze na mafuta ghafi. Haya ndiyo yanayotoka ardhini kama Mungu alivyoyaumba, na usidhani huko chini kuna ziwa linalosubiri mrija. Mafuta yamejificha kwenye vitundu vya mwamba, kama maji ndani ya dodoki lililoloa. Unaweza kulikamua utakavyo, halitatoa yote. Ndiyo maana kwenye bonde la Ziwa Albert, ambako Uganda ilithibitisha mwaka 2006 kuwa ina mafuta, inakadiriwa kuna mapipa bilioni 6.5 chini, lakini yanayotarajiwa kutoka ni kama bilioni 1.4 tu. Pipa moja ni lita 159. Ili kuyatoa, mradi wa Tilenga peke yake, unaoendeshwa na TotalEnergies ya Ufaransa, umepangiwa visima zaidi ya 400, vingine ndani ya hifadhi ya Murchison Falls. Hapo ndipo ugomvi wa wanamazingira ulipoanzia, pamoja na malalamiko ya watu waliohamishwa kupisha mradi. Ni hoja nzito zinazostahili makala yake. Leo nabaki kwenye pampu.

Mafuta hayo yana tabia moja ambayo mtu wa Tanga ataielewa haraka. Chukua chupa ya mafuta ya nazi, panda nayo Lushoto mwezi wa Julai, iache dirishani usiku. Asubuhi utaikuta imeganda nyeupe, ukiipindua haimwagi kitu. Mafuta ya Ziwa Albert yamejaa nta, nayo yanaganda vivyo hivyo, tena hata kwenye joto letu hili la pwani. Ndiyo maana bomba lenyewe, EACOP, lenye urefu wa kilomita 1,443, limevishwa koti la kutunza joto na kuwekewa nyaya za umeme za kulipasha moto, ili kilicho ndani kibaki na nyuzi joto 50 na zaidi njia nzima. Kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linaingilia Kagera, linapita Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara mpaka huku kwetu, na mwisho wake ni matangi na gati la kupakilia meli pale Chongoleani.

Nimesema kupakilia. Meli zitakuja tupu na kuondoka zimejaa. Hiki ndicho kinachosahaulika kijiweni. Bomba la Chongoleani ni la kutolea mali nje, na kinachopita ndani yake ukikitia kwenye pikipiki umeiua.

Ili kiwe petroli lazima kipikwe. Aliyewahi kuona gongo inavyotengenezwa (sisemi wapi) ana nusu ya elimu hiyo tayari. Unachemsha, mvuke unapanda, unapoa, unakinga. Kiwanda cha kusafisha mafuta ni mtambo wa namna hiyo, ila mkubwa kama mji. Mafuta ghafi yanachemshwa ndani ya mnara mrefu, na kila kitu kinajitenga kwa uzito wake. Gesi ya kupikia na petroli, vilivyo vyepesi, vinakingwa juu. Chini yake hukaa mafuta ya taa na ya ndege, kisha dizeli, na kule chini kabisa inabaki lami.

Tanzania iliwahi kuwa na kiwanda hicho, TIPER, kule Kigamboni. Kiliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo matangi yake ni ghala. Wakenya nao walikuwa na chao Changamwe, Mombasa, kikasimama mwaka 2013. Leo ukitembea pwani yote kuanzia Lamu mpaka Mtwara hukuti hata kimoja kinachofanya kazi hiyo. Petroli na dizeli zinakuja na meli zikiwa zimeshapikwa, zinashushwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kwa hiyo Tanga itakuwa na meli za aina mbili: moja inaleta petroli, nyingine inachukua mafuta ghafi. Zitapishana baharini, na kila moja itafuata bei yake.

Wazee wa hapa hawatashangaa. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893, na kufikia miaka ya uhuru Tanganyika ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuzalisha. Mashamba yalitandaa kutoka Muheza mpaka Korogwe. Lakini bei ya katani haikupangwa Korogwe. Ilipangwa na wanunuzi wa ng'ambo, na kamba za nailoni zilipoingia sokoni, mashamba yakaota vichaka hapa hapa tukiyatazama.

"Basi tujenge kiwanda chetu," akasema yule wa pili. Uganda wanataka kufanya hivyo hivyo huko Hoima, kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku, na Machi 2025 walitia saini na mwekezaji kutoka Falme za Kiarabu. Ni hatua. Ila angalia Nigeria kabla hujashangilia.

Nigeria imechimba mafuta kwa zaidi ya miaka sitini, tena kwa wingi ambao Uganda haitaufikia. Kwa miaka mingi viwanda vyake vya serikali vilikuwa vimelala, nchi inauza mafuta ghafi na kununua petroli nje, na foleni za Lagos zikawa hadithi. Petroli ilikuwa rahisi, ndiyo, lakini urahisi huo haukutokana na visima. Serikali ilikuwa inalipa sehemu ya bei. Tarehe 29 Mei 2023 Rais Tinubu aliapishwa, na siku hiyo hiyo akatangaza kwamba ruzuku basi. Ndani ya siku chache lita iliyokuwa chini ya naira 200 ikapanda zaidi ya maradufu. Kisha kikaja kiwanda cha Dangote cha Lekki, chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, na Septemba 2024 kikaanza kutoa petroli. Foleni zimepungua, na dola zinazokwenda nje kununua petroli nazo zimepungua. Lakini katikati ya 2025 lita bado ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya naira 800.

Kwa nini? Kwa sababu mwenye kiwanda naye ananunua mafuta ghafi kwa bei ya dunia, na kuna wakati Dangote ameyaagiza kutoka Marekani. Mwenye kisima hamuuzii jirani pipa kwa dola 40 wakati meli iliyoko nje inalichukua kwa 70. Labda serikali imlazimishe, na hapo pengo linalipwa na mtu mwingine, kwa kawaida ni wewe yule yule kupitia kodi. Ambacho kiwanda cha karibu kinaweza kukupunguzia kweli ni nauli ya mafuta yenyewe: meli, bima, na lori linalopanda kutoka bandarini. Kwa mtu wa Kampala, ambaye petroli yake imetembea zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini, hilo si dogo. Kwa mtu wa Tanga anayeiona bahari kutoka barazani, linapungua sana.

Na wingi je? Dunia inatumia mapipa kama milioni 100 kila siku. EACOP likijaa kabisa litapitisha mapipa laki mbili na ushei. Hayo ni kama mapipa mawili hivi katika kila elfu. Mvuvi mmoja akishusha tenga la dagaa kwenye soko letu la Deep Sea, bei ya soko zima haitikisiki.

Hapa niseme na lile la "wameshayauza". Ada ya kusafirisha kwenye bomba ni dola 12 na ushei kwa kila pipa, na nimewahi kusikia mtu redioni akiizidisha kwa mapipa yote na kutangaza kwamba ndizo pesa za Tanzania. Sizo. Ada inalipwa kwa kampuni ya bomba, ambayo Tanzania kupitia TPDC, shirika lake la mafuta, ina hisa asilimia 15. Uganda ina 15, CNOOC ya China ina 8, na TotalEnergies ina 62. Sisi tunapata gawio letu, kodi, na kazi za bandarini. Ni pesa halali, tena tunazihitaji. Zinaingia Hazina, kwenye tangi la pikipiki haziingii.

Sasa tufungue lile fundo la bei, maana hapo ndipo kuna siri ambayo ukiijua hutadanganywa tena kijiweni. EWURA haiuzi mafuta. Inachotangaza ni bei kikomo, yaani sheli isivuke hapo, na ikitaka kuuza chini yake inaruhusiwa, ndani ya kanuni. Ili kuipata, wanachukua bei ya petroli iliyosafishwa kwenye soko la Ghuba ya Uarabuni, wanaongeza meli na bima, gharama za bandari, kodi na tozo, faida ya mwenye ghala na ya mwenye sheli, na usafiri wa kufika mji wako. Yote hayo yanageuzwa kutoka dola kwenda shilingi.

Nipige hesabu kwa namba za mviringo, za mfano tu. Tuseme lita imefika bandarini kwa shilingi 1,700. Kodi na tozo 1,000. Gharama nyingine 300. Unalipa 3,000. Sasa redio inatangaza kwamba bei ya dunia imeanguka asilimia 30, na wewe unasubiri 2,100. Lakini kinachoanguka ni ile 1,700 peke yake, inakuwa 1,190. Ile elfu moja ya kodi haisogei, kwa sababu kwetu kodi ya mafuta inatozwa kwa shilingi kadhaa kwa kila lita, haifuati asilimia ya bei. Gharama zile 300 nazo hazisogei. Jumla inakuwa 2,490. Asilimia 30 ya dunia imefika kwako ikiwa 17. Hakuna aliyekuibia hapo, ni hesabu tu. Na uzuri wake ni kwamba dunia ikipanda, kodi ile inakaa pale pale pia, kwa hiyo mpando nao unakufikia umepungua makali.

Wakenya wana mchanganyiko mwingine. Juu ya tozo za namna hiyo wana VAT, na Julai 2023 ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. VAT ni asilimia, inapanda pamoja na bei. Septemba ile Nairobi walinunua lita kwa zaidi ya shilingi 211 za kwao.

Kuna dola pia. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, na kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Hata bei ya Ghuba isiposogea, lita inapanda kwa sababu hiyo tu. Na kuna suala la muda: mafuta unayojaza leo yalinunuliwa wiki kadhaa nyuma, kwa bei ya wakati ule. Juni 2025, Israel na Iran zilipopigana na watu wakahofia Mlango-Bahari wa Hormuz, njia ya meli za mafuta ya Ghuba, kufungwa, bei ya dunia iliruka na kutulia ndani ya siku chache. Anayetaka sheli yake ishushe siku ile ile akumbuke kama aliitaka ipandishe siku ile ile.

Hao wa "kodi yote ifutwe" ninawaelewa, ila waulizwe barabara zitengenezwe na nini. Shilingi 100 zilizoongezwa kwa lita mwaka 2021 zilielekezwa kwenye barabara za vijijini na mijini chini ya TARURA, na nyingine 100 za mwaka 2023 zilielekezwa kwenye miradi mikubwa. Una haki ya kuuliza barabara iko wapi, na mimi nauliza kila mvua ikinyesha. Na mara nyingine kodi ina kazi tofauti kabisa. Mwaka 2011 ile ya mafuta ya taa ilipandishwa makusudi ikaribiane na dizeli, kwa sababu watu walikuwa wanayachanganya, neno uchakachuaji likawa maarufu nchi nzima. Uchakachuaji ulipigwa kweli. Bibi mwenye koroboi kijijini akapigwa pamoja nao.

Kijana alinisikiliza mpaka hapo, kisha akasema, "Sasa gesi ya Mtwara si yetu? Hiyo nayo bei ya dunia?"

Hapo aligusa penyewe, ingawa watu wanachanganya gesi mbili. Mtungi wa jikoni haujazwi gesi ya Mtwara. Ya mtungini hupatikana kwenye usafishaji wa mafuta na uchakataji wa gesi, nayo inakuja na meli kama petroli. Gesi ya Mnazi Bay huko Mtwara, na ile ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974, ni gesi asilia. Inasafiri kwenye bomba mpaka Dar es Salaam, sehemu kubwa inazalisha umeme, na sehemu inashindiliwa kwenye mitungi mizito ya magari na bajaji. Kwa sababu inachimbwa hapa na kuuzwa hapa kwa shilingi, haiangalii Hormuz. Imekuwa ikiuzwa kwa shilingi 1,550 hivi kwa kilo, na kilo moja inakupeleka mbali kuliko lita moja ya petroli. Ndiyo maana dereva wa teksi mtandao wa Dar anakubali kulipa milioni moja na nusu, mbili, au zaidi kufunga mfumo, anapoteza nusu ya buti kwa ajili ya mtungi, na bado anapanga foleni saa nzima. Foleni ndiyo bei yake ya pili, kwa kuwa vituo bado ni vichache. Na bomba lenyewe linatoka Mtwara na kuishia Dar. Tanga halijafika.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Treni ya SGR inayotoka Dar kwenda Dodoma tangu katikati ya 2024 haichomi tone la dizeli, inakula umeme wa gridi, ambako bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Ethiopia walikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa 2024 walipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli, na sababu kubwa waliyoitoa ni dola za kununulia mafuta. Hawana za kutosha, ila mabwawa wanayo. Kigali nako, kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi kama si ya umeme. Na Norway, ambayo ina mafuta baharini kwake na petroli yake ni ghali vile vile, mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme.

Siwasifii hao ili tuwaige kesho. Lakini abiria yeyote wa bodaboda ana ushahidi mwilini kwamba petroli nyingi inapotea bure. Angalia muundi wa mguu wako wa kulia. Ukipata kovu la mviringo, liliachwa na ekzosi siku uliposhuka vibaya. Joto lile lililokuunguza lilikuwa petroli. Katika injini ya kawaida, kati ya kila lita nne unazonunua, karibu tatu zinatoka kama joto, na moja tu ndiyo inayozungusha tairi. Mota ya umeme inafanya kinyume chake, sehemu kubwa inaenda kwenye tairi. Nilimuuliza kijana anatumia lita ngapi kwa siku. Akasema tatu, siku ya gulio nne. EWURA ikishusha shilingi mia, na mia ni nyingi, anaokoa mia tatu. Akipunguza lita moja tu kwa siku, anaokoa karibu elfu tatu.

Akakaa kimya kidogo, anapiga hesabu kwa vidole kwenye usukani.

"Hizo za Kigali, betri ikiisha unabadilishiwa?"

Nikamwambia ndiyo, unaacha iliyoisha unachukua iliyojaa, dakika chache.

"Haya. Na hapa Tanga, kaka, nitabadilishia wapi?"

Abiria wa Raskazone alikuwa ameshapanda nyuma. Kijana akapiga kiki mara mbili, ikawaka.